Bunduki nayo ina safari yake: kutoka Entebbe na silaha kwenye mizigo

Wengi wanaosafiri kwa ndege na bunduki hununua tiketi kwanza, kisha ndipo wanaanza kuulizia habari za bunduki. Wameanzia mkiani. Wewe mwenyewe unaweza kusinzia kwenye kiti cha uwanja wa Dubai au Addis Ababa kwa muda wa saa sita, ukapanda ndege ya pili na hakuna aliyekuuliza neno. Bunduki iliyo kwenye tumbo la ndege haina raha hiyo. Zipo nchi zinazotaka kibali kwa silaha inayopita tu. Uholanzi, kwa mfano, hutaka idhini ya forodha hata kama kasha linahamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, na wewe hulioni. Kwa hiyo njia ichagueni kwa kuitazama bunduki, si kwa kutazama bei. Ndege ya moja kwa moja ikipatikana, ilipie hata kama imezidi kidogo.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni balaa jingine. Mzigo utashushwa katikati, utalazimika kuuchukua na kuuandikisha upya, na kuuchukua maana yake umeingiza silaha katika nchi ambayo hukuiombea kibali chochote. Tiketi iwe moja, na kila shirika lililomo liwe limekubali kwa maandishi. Mengi hutaka taarifa saa 48 hadi 72 kabla, pamoja na aina ya silaha, namba yake, na idadi na uzito wa risasi. Jibu la simu halitoshi. Kwenye kaunta atakuwapo kijana ambaye hajawahi kuliona kasha la bunduki, na kitakachomtuliza ni barua pepe iliyochapishwa.

Upande wa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 haiishii kwenye umiliki. Cheti chako kinakuruhusu kuwa na silaha. Kuitoa nchini na kuirudisha kunahitaji kibali chake, na kibali huombwa polisi. Omba vyote viwili, cha kuitoa na cha kuirudisha, kwa pamoja. Anayeondoka na kibali cha kutoka tu atarudi Entebbe akiwa mwingizaji wa silaha, na maelezo yake yatakuwa marefu.

Nchi unayokwenda nayo ina yake. Afrika Kusini, wanakokwenda wawindaji na walenga shabaha wengi, hutumia fomu ya polisi SAPS 520. Ijaze kwa wino mweusi lakini usiitie sahihi. Sahihi huwekwa mbele ya askari pale pale uwanjani Johannesburg. Aliyesaini nyumbani huambiwa aandike upya huku foleni ikimpita. Beba pia cheti cha umiliki, tiketi ya kurudi, barua ya mwenyeji wako na barua yako fupi ya kueleza kwa nini unaihitaji silaha hiyo. Risasi huko ni 200 kwa kila silaha, za kipimo cha silaha hiyo tu. Bastola ya kujilinda usiipeleke kabisa.

Sasa namba. Hapa ndipo karatasi safi hugeuka kesi. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, soma namba iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, si kwenye mtutu, maana mtutu unaweza kuwa umebadilishwa. Herufi O na sifuri hufanana, I na 1 hufanana, na mafuta yaliyoganda kwenye mchongo hugeuza 3 kuwa 8. Kisha linganisha cheti, kibali, fomu na barua ya shirika, tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo hivyo kwa jina lako. Kwetu Uganda jina la ukoo huwa mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine, na jina la ubatizo mara lipo mara halipo. Rekebisha kabla, kwa sababu askari wa zamu hana uwezo wa kukurekebishia.

Kasha liwe gumu, la plastiki nene au alumini, lenye sponji ndani. Lijaribu hivi: funga, kisha vuta pembe kwa vidole. Kasha refu lenye kufuli moja katikati hufunguka pembeni kiasi cha kupenyeza mkono, na hilo litakataliwa. Weka kufuli kila tundu lililopo. Funguo zikae mfukoni mwako, maana kuna watu hufungia funguo ndani ya sanduku jingine ambalo limeshakwenda na mkanda. Bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, itolewe na kufungwa kitambaa ndani ya kasha hilo hilo, magazini (vibweta vya risasi) ziwe tupu, chemba (tundu inapokaa risasi) wazi. Usibebe bolti wala magazini kwenye begi la mkononi. Kipande cha silaha kwenye kabini ni silaha. Mafuta ya kusafishia yanayowaka yaache nyumbani. Piga hesabu ya kilo pia: bunduki kilo 4, kasha kilo 6 au 7, na kwenye kilo 23 zako imebaki nusu.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu risasi za kilo 5 kwa abiria mmoja, pamoja na vifungashio vyake, kwa ridhaa ya shirika. Kwa bunduki ya marisau ya geji 12, risasi zenye marisau ya gramu 28, ni kama boksi nne za risasi 25. Kwa .375, kipimo cha bunduki ya wanyama wakubwa, ni boksi tano za risasi 20, ukibakiwa na nafasi kidogo. Mkiwa wawili hamruhusiwi kuunganisha kilo 10 kwenye furushi moja. Risasi zenye kichwa cha kulipuka au cha kuwasha moto haziingii kabisa, na baruti ya kopo na viwashio vya kujazia maganda ya risasi upya navyo ni marufuku. Mashirika hayakubaliani kama risasi zikae na bunduki au mbali. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, ndani ya sanduku la nguo, hukubalika kwa wengi.

Siku yenyewe fika uwanjani muda wa saa nne kabla ya ndege kuondoka. Entebbe ukaguzi huanza barabarani, abiria wanaposhuka garini, kwa hiyo usingoje mashine ikusemee. Mwambie askari kwa sauti ya kawaida: "Afande, nina silaha yenye kibali kwenye mzigo huu," na umpe karatasi kabla ya kugusa kufuli. Kiswahili hapa kina faida yake, kwani ndicho lugha ya askari. Akikwambia fungua, fungua na urudi hatua moja nyuma. Usiinyanyue bunduki kumwonyesha.

Kwa mgeni aliyeingia Uganda na bunduki na anayetaka kuendelea pande za Kidepo, kaskazini mashariki, kwa ndege ndogo kutoka Kajjansi, uwanja mdogo ulio karibu na Kampala: kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwenye begi laini, na kasha gumu la zaidi ya mita moja haliendani nacho. Panga na rubani mapema au upande gari. Mgeni wa kuwinda siku chache afikirie kuazima bunduki ya mwenyeji wake.

Ukifika, usiingoje kwenye mkanda tu. Mara nyingi kasha huletwa na mtu hadi dawati la polisi au la mizigo mikubwa. Na wakati wa kurudi, hesabu risasi zilizobaki na uandike idadi hiyo, si ile ya kwenye kibali. Kisha pekua mifuko ya koti la porini na mishono ya begi ulilokwenda nalo uwanja wa shabaha. Risasi moja iliyosahaulika kwenye begi la mkononi huonekana wazi kwenye mashine, na hiyo haina kibali.