Picha za pasipoti moja kwa moja kwenye kompyuta ya Linux

Kwenye studio yangu natumia Canon EOS 600D na kompyuta yenye mfumo wa Linux Mint. Nilitaka mteja aione picha yake kwenye skrini akiwa bado amekaa kitini, ili kama amefumba macho au kola imekaa upande, turudie hapo hapo. Kuchomoa kadi, kuisoma na kuirudisha kwa kila mteja kunachosha, na foleni inazidi kurefuka.

Kilichonisaidia ni gPhoto2, programu ya bure inayowasiliana na kamera kwa waya wa USB. Inaingia kwa kuandika kwenye terminal, yaani dirisha la amri: sudo apt install gphoto2. Ukiwasha kamera na kuandika gphoto2 --auto-detect, jina la kamera linapaswa kutokea.

Kazi ilikuwa baada ya hapo. Kila nikitoa amri ya kupiga, naletewa kosa namba -53: kifaa cha USB kimeshikwa. Kimeshikwa na nani? Na kompyuta yenyewe. Ukichomeka kamera tu, programu ya mafaili inaiwahi na kuifungua kama folda ili uone picha zako, na kamera haitumikii mabwana wawili. Dawa ni kuiachisha kwanza:

gio mount -s gphoto2

Kisha:

gphoto2 --capture-tethered --keep --filename "%Y%m%d-%H%M%S.%C"

Amri hii inasubiri nibonyeze kamera mwenyewe. Nikibonyeza, picha inashuka kwenye folda niliyomo ikiwa na jina la tarehe na saa, nami naifungua mteja akitazama. Hilo neno --keep usiliache kabisa, maana ndilo linalobakiza nakala kwenye kadi, mradi kamera imewekwa ihifadhi kwenye kadi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, picha ya mtu bado ipo.

Kwa pasipoti napiga JPEG, inashuka haraka. RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, naziweka kwa kazi za harusi, na hizo nazisafisha kwenye programu ya darktable. Kwenye menyu ya kamera nimezima pia kujizima, kwa sababu ikilala mawasiliano yanakatika. Betri ya pili ni lazima: waya wa USB hauichaji 600D.

Ukitaka kununua kamera ya mtumba, angalia kwanza gphoto2 --list-cameras. Ila kuwemo kwenye orodha hakutoshi, kwani nyingine zinashusha picha tu na hazikubali kuongozwa. Nenda dukani na kompyuta yako, ichomeke, andika gphoto2 --abilities, usome sehemu ya kupiga picha kabla hujatoa hela.