Rupia ya Mjerumani: ipime kabla ya kumsikiliza dalali

Msimu wa korosho ukiisha na watu wakiwa na kitu mfukoni, hadithi kwamba rupia, sarafu ya fedha ya enzi za Wajerumani, ni utajiri huamka upya kuanzia Mikindani mpaka Kilwa Masoko. Dalali yupo, "mzungu anayesubiri Dar" yupo, na sarafu yenyewe imeviringishwa kwenye kitambaa chekundu. Tuiache hadithi, tushike sarafu.

Upande mmoja una kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Geuza. Ukiona simba na mti wa makuti, hiyo ni ya kampuni ya Kijerumani iliyoshika pwani, ya kati ya 1890 na 1902. Ukiona neno DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani ndani ya matawi, ni ya serikali, ya 1904 hadi 1914, na ina herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia moja ya fedha iliyoandikwa 1903 au 1916 haikupigwa kokote. Ya rupia mbili ilitoka 1893 na 1894 tu, na hiyo kweli ni adimu.

Mwaka 1904 hesabu nayo ilibadilika. Awali rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye ikawa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na mark 20. Pesa tunayo mdomoni mpaka leo, na heller ndiyo hela.

Sasa madini. Rupia ina gramu 11.66, kipenyo kama milimita 30, na fedha sehemu 917 katika 1,000, yaani gramu 10.69 za fedha tupu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda sana, na Waingereza, walioshika nchi baada ya Wajerumani, wakaamua kuibana. Florini ya 1920 ilishika nafasi ya rupia kwa uzito uleule, lakini fedha ni nusu: gramu 5.83. Mwaka 1921 florini ikapokewa na shilingi mbili, kila moja gramu 7.78 yenye robo tu ya fedha, jumla gramu 3.89. Thamani kwenye karatasi ileile, fedha imebaki kama theluthi moja. Kufika 1948 shilingi ya simba na milima haikuwa na fedha hata chembe. Kwa hiyo anayekuuzia shilingi ya Mfalme George kwa bei ya rupia anakuibia mchana.

Kuipima, tafuta mizani ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01. Pima sarafu kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa mshipi mwembamba wa kuvulia mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Rupia nzima itasoma kama 1.13. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo: fedha ya rupia hutoa kama 10.3. Shaba nyeupe huja karibu na 8.9, risasi 11.3. Iliyolika kwa kutumika itakuwa nyepesi, lakini jibu la kugawanya halibadiliki, na hapo ndipo kipimo hiki kinapoishinda mizani peke yake. Jibu likishuka bila sababu, angalia vipovu vya hewa kwenye masharubu ya Kaisari. Uzi wa pamba nao hunywa maji, ndiyo maana nasema mshipi. Sumaku husaidia kukataa chuma tu, kwa kuwa shaba na risasi nazo hazivutwi. Na ukisikia lile dai la matapeli kwamba rupia inavuta mchele, ondoka.

Za bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu: kagua ukingo kwa lenzi, utaona mstari wa maungio na vitundu kama vya ndui.

Usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Weusi ni salfa iliyoshikana na fedha, na mnunuzi anayejua huutaka ubaki. Ukisugua unaondoa uso wenyewe. Shilingi za robo fedha huota ukijani kwa sababu ya shaba nyingi na hewa ya chumvi ya pwani. Hizo osha kwa maji safi yasiyo na chumvi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini, funga kwenye karatasi nyeupe. Nailoni laini zinazonuka na mipira ya kufungia noti huharibu.

Yenye kitanzi cha kidani imeunganishwa kwa risasi au fedha nyingine, hivyo vipimo vya juu haviifai, na bei huwa ya sonara tu. Ila tundu la katikati kwenye hela 10 ya kuanzia 1908, na hela 5 ya 1913 na 1914, hakulitoboa mtu wa mkufu. Lilitoka nalo kiwandani.