Kumbe hakikuwa kirusi: nilivyoyaondoa matangazo kwenye kompyuta ya nyumbani

Kila nikiwasha kompyuta, kona ya chini kulia kinachomoza kijisanduku: "Kompyuta yako ina virusi 5!" Nikikifunga, kinakuja cha kamari. Nusura niipeleke kwa fundi.

Kumbe ilikuwa ni arifa za Chrome, kivinjari tunachofungulia intaneti. Kuna mtu humu ndani alikuwa akitafuta filamu za bure, tovuti ikamwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kuwa yeye si roboti. Akabonyeza. Ukishatoa ruhusa hiyo, matangazo yanakuja hata tovuti yenyewe ukiwa umeifunga.

Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Tovuti 11, sizijui hata moja! Nikaziondoa zote, nikazuia nyingine zisiombe tena. Kwenye viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye Chrome, nikafuta kimoja cha kuponi ambacho hakuna aliyekubali kukiweka. Kila niliyemuuliza aliangalia dari.

Nikasasisha Windows, nikaendesha ukaguzi kamili wa Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows. Karibu saa mbili, haikupata kitu. Watoto nikawafungulia akaunti yao ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Sasa programu ikitaka kugusa mfumo, inadai kwanza nenosiri langu. Mkubwa bado amenuna.