Siku moja ya fundi wa klachi na giaboksi, Tabata

Najua mnachosema, mafundi gari wezi. Wapo kweli, wapo wanaopiga cha juu kwenye spea, wapo wanaokuchomolea kitu kizima na kukufungia kibovu, wengine nawafahamu kwa sura. Ila leo naandika siku yangu ya jana. Mimi kazi yangu ni klachi na giaboksi, niko Tabata hapa Dar, gereji yetu haina ukuta, ni mwembe na kontena moja la kufungia vifaa.

Saa moja asubuhi nimefika, ovaroli, chai, chapati. Dogo ninayemfundisha kazi amechelewa, kasema foleni. Kila siku foleni.

Saa mbili akaingia dada mmoja na IST, ile ya zamani, akitoa P kuweka D gari linakaa kidogo halafu linashtuka. Ameshaambiwa na mtu huko anunue giaboksi nzima! Nikachomoa kijiti, oili iko chini ya alama na imekuwa nyeusi. IST ile ni oto ya kawaida ya gia nne, oili yake ni aina inayoitwa T-IV, nikamwambia dada yangu tufungue sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, tuangalie kama kuna vyuma chini, tubadilishe filta na oili kwanza, giaboksi utanunua baadaye kama itabidi. Vyuma havikuwepo. Kaondoka gari halishtuki, kanisisitizia nimuandikie jina la oili kwenye karatasi, na hapo alifanya jambo la maana sana kwa sababu giaboksi nyingi ninazoletewa zimeuliwa na oili. Mtu ana Nissan ya CVT, ile oto ya mkanda na puli badala ya gia, inayotaka oili ya NS-2, sheli wanamwekea ATF yoyote nyekundu, oili ya oto za kawaida, mkanda wa chuma mle ndani unaanza kuteleza kwenye puli, ukishachubua puli basi tena.

Saa nne ndio ikaja Hiace.

Hiace ya injini ya dizeli ya 5L inabeba wanafunzi, dereva ni kijana mstaarabu, anasema fundi, inavuma tu haiendi, kilima cha kwetu asubuhi watoto wameteremka wakapanda kwa miguu. Nikapanda mwenyewe. Handbreki juu, gia ya tatu, moto kidogo, naachia klachi taratibu. Injini nzima yenye klachi nzima hapo lazima izime. Haikuzima, inanguruma tu na harufu ya kuungua inapanda. Pleti, ile sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, imekwisha, hilo halina mjadala. Lakini nikaingia chini nikaona oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, nikaigusa, nyepesi, nyeusi tii. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu yake kali huwezi kuisahau, hii ilikuwa ya injini, maana yake sili ya nyuma ya injini, ile raba ya kuzuia oili isitoke, inavuja na inailowesha pleti. Ukifunga pleti mpya bila kubadilisha ile sili umefanya kazi bure.

Dereva akampigia tajiri wake. Loudspika.

"Fundi, mimi nimeambiwa klachi. Funga klachi."

"Sawa bosi, ila kuna sili ya nyuma..."

"Ndio mambo yenu hayo, gari linakuja na ugonjwa mmoja linatoka na mitano."

Nikamwambia sili bei yake haifiki hata robo ya pleti, na kwa kuwa giaboksi inashuka na flaiwili inatoka, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa nalo, hiyo sili simtozi ufundi, alete hela ya sili tu. Akasema nimtumie video. Nikatuma. Akasema video haionyeshi vizuri. Akasema anakuja, tusiguse kitu mpaka afike. Kafika karibu saa sita, kakunja shati, kainama kuchungulia chini ya gari bila kupiga goti, kasema "mbona oili kila gari lina oili". Halafu kasema spea ananunua mwenyewe Gerezani ili tusimpige. Nikamwambia mzee wangu sawa kabisa, hata mimi napenda hivyo, ila subiri nishushe uende na pleti ya zamani kama sampuli, kule dukani wanalinganisha. Hakusubiri. Yeye Hiace ameanza kumiliki mimi niko shule ya msingi.

Basi tukaanza kushusha. Hapa ndio pa kuona kazi. Boksi limechanwa limetandikwa chini, unalala chali, jua la saa saba mchanga unaunguza mgongo, unamwaga oili ya giaboksi, unatoa propela, unatoa sapoti, waya, silinda ya chini ya klachi, halafu zile bolti za juu za kuunganisha na injini ambazo huzioni, unazitafuta kwa vidole na spana yenye ekstensheni ndefu huku uchafu unakudondokea machoni. Kisha giaboksi lenyewe linatua kwenye jeki na kifua chako kidogo, dogo anashika mkia anauliza "bro nivute?" usivute! Ikakaa chini. Pleti imebaki rivetii tu, flaiwili imechorwa na imelowa oili, rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, ukiizungusha inalia. Nikapiga picha zote nikamtumia mzee. Tiki mbili za bluu, kimya.

Alirudi nadhani saa tisa na kitu. Pleti haiingii. Yale meno ya katikati hayakubali kwenye shafti, sijui ni ya gari gani aliyouziwa. Kaiangalia, kaniangalia, kasema "si uilazimishe". Nikacheka mzee akakasirika, dereva naye simu inaita, wazazi wanauliza watoto wanarudi na nini. Ikabidi aitwe jamaa mwenye Noah awafuate.

Safari hii mzee kaenda na ile ya zamani kwenye mfuko wa rambo, na nikamwandikia: pleti, rilizi beringi, sili ya nyuma. Sili akainunua. Hakusema kitu, mimi pia sikusema.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Flaiwili ilienda kwa fundi wa leti ikasawazishwe. Sili ikagongwa taratibu pembe zote, pleti tukaiweka katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi bovu tunayoitunza kwa kazi hiyo, ikiwa pembeni hata kidogo giaboksi haliingii, mtasukuma mpaka kesho. Letu liliingia mara ya tatu, giza limeingia, dogo anamulika na simu mdomoni. Chakula cha mchana nilikula usiku, wali ushakuwa wa baridi, mkono wa kulia hauwezi kukunja ngumi.

Tukaijaribu kwenye kile kilima. Imepanda na gia ya pili, inaitikia. Dereva anacheka peke yake.

Mzee akanihesabia nusu ya ufundi, nyingine mwisho wa mwezi shule ikilipa, halafu kabla hajafunga mlango akauliza, "Sasa fundi, hii klachi unanipa garantii miezi mingapi?"