Betri ya Mwalimu

Mwaka 2014 nilikuwa fundi mdogo Morogoro, kwenye duka la pikipiki lenye gereji kwa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kufungua makasha na kuunganisha pikipiki mpya: gurudumu la mbele, usukani, vioo, betri. Asubuhi moja, saa mbili haijatimia, aliingia mwalimu mmoja kutoka Mzumbe na pikipiki tuliyomuuzia siku tisa nyuma. Starta ilikuwa ikilia tik-tik tu. Siku ya tatu hiyo anapiga kiki mbele ya wanafunzi wake, na vijana wa kijiweni walishamwambia ameuziwa betri feki.

Soda alipewa, lakini kilichomtuliza ni maswali ya fundi mkuu. Alichukua kadi ya sarvisi, akaandika kilomita zilizosomeka, 186, kisha akauliza. Inagoma asubuhi tu au hata ukitoka safari? Nyumbani hadi shule ni kilomita ngapi? Kwa siku unabonyeza starta mara ngapi? Kuna mtu amekufungia redio, king'ora au taa za ziada? Mwalimu akajibu: asubuhi ndiyo zaidi, kama kilomita tatu, mara sita hivi, hakuna.

Fundi mkuu hakuipima betri papo hapo. Pikipiki ilikuwa imetembea barabarani zaidi ya nusu saa, na betri iliyotoka kuchajiwa na injini hudanganya mita ya kupimia umeme: husoma vizuri kwa dakika chache, kisha hushuka. Akawasha indiketa, akakanyaga breki taa ya nyuma iwake, akaacha hivyo dakika moja. Akazima, akasubiri kidogo, ndipo akamkabidhi mwalimu nyaya mbili za mita. "Mwalimu, shika mwenyewe. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Nisomee."

Mwalimu akasoma: volti 12.2. Betri ya asidi iliyojaa husimama 12.6 hadi 12.8. Starta ilipobonyezwa ikaanguka hadi 8.6, na chini ya 9.6 hapo tayari ni betri dhaifu. Injini ikawashwa kwa kiki na kupandishwa moto, mita ikapanda hadi 14.1. Maana yake koili ya kuchaji na regyuleta, kidhibiti cha chaji, ni wazima. Ikabaki kujua kama umeme unavuja pikipiki ikiwa imezimwa. Akafungua waya wa hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya, spana ikigusa chesisi tu ni cheche. Mita ikawekwa katikati ya waya huo na betri, swichi ikiwa imezimwa. Hakukuwa na uvujaji wa kuhesabika.

Mwisho ilikuja haidromita ndogo, kipimo cha uzito wa asidi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila kimoja kilipimwa peke yake: 1.20, 1.19, 1.20, vyote vikifanana. Chumba kimoja kingesoma chini sana kuliko vingine, tungesema betri imekufa kiwandani. Vikishuka vyote kwa pamoja, hiyo ni njaa. Betri haijawahi kushiba.

Akanigeukia. "Dogo, hii uliichaji saa ngapi?"

Sikuichaji. Siku ile mwalimu alikuwa na haraka ya kuwahi kabla giza halijaingia, nami nilimimina asidi, nikaona starta inapiga vizuri, nikafunga kiti. Nikasema hivyo hivyo, mbele yake.

"Mwalimu, kosa ni letu," fundi mkuu akasema. "Betri si feki, na wewe hukuharibu kitu."

Kisha akamweleza. Betri hizi huja kavu. Ukitia asidi hupata kama asilimia 80 ya nguvu yake, na inatosha kabisa kuzungusha starta, ndiyo maana fundi mvivu hudanganyika. Inayobaki hupatikana kwa chaji ya kwanza. Unajaza hadi kati ya mistari miwili, unaiacha nusu saa sahani za ndani zinywe, unaongeza panapopungua, kisha unachaji polepole kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya Ah 5 (ampea-saa tano) hupewa nusu ampea kwa saa kadhaa. Safari za kilomita tatu na starta mara sita kwa siku haziwezi kuziba pengo hilo. Kila siku alikuwa anatoa kuliko anavyorudisha.

Tungeweza kuichaji ileile na kumrudishia. Fundi mkuu alikataa: betri iliyokaa siku tisa na njaa huanza kujenga ukoko mweupe kwenye sahani, na hata ikipona haidumu. Kujaza mpya na kuichaji kungemchelewesha mwalimu hadi jioni, naye alikuwa na vipindi. Basi fundi mkuu akatoa betri ya pikipiki ya maonyesho, ambayo ilikuwa ikichajiwa kila Jumamosi. Akaniagiza niifunge mimi, yeye akiangalia: chanya kwanza, hasi mwisho, vaselini kidogo kwenye vichwa. Mpira wa kupumulia, unaotoa gesi ya betri, aliukagua kwa kidole mwenyewe. Kile kizibo chake cha kiwandani kisipotolewa betri huvimba, na mpira ukielekea kwenye cheni, asidi inayodondoka huila.

Cheni yenyewe hakuulizwa, akaipima tu. Ilicheza milimita 45. Tukairudisha 30, alama za kushoto na kulia zikiwa sawa ili gurudumu lisikae upande. Cheni mpya hulegea mwanzoni, na anayekuambia usubiri hadi sarvisi ya kwanza anakupunguzia maisha ya sproketi. Ukivuta gurudumu la nyuma kukaza cheni, breki nayo hubadilika, kwa hiyo akarekebisha mchezo wa pedali na kuhakikisha taa ya breki inawaka.

Kwenye kadi aliandika tarehe, betri mpya, sababu: haikuchajiwa dukani. Malipo: sifuri. Akamwekea lita moja ya petroli, kwa safari aliyosababishiwa na sisi.

Mchana huohuo ubao ulipigiliwa ukutani juu ya chaja, wenye safu tatu: saa ya kutia asidi, saa ya kuanza chaji, volti baada ya kupumzika. Bila safu ya tatu kujazwa, funguo hazitoki, hata mteja akiwa na haraka.

Mwalimu alirudi kwa sarvisi ya kilomita 500. Kabla sijafungua nati ya kumwaga oili, aliomba mita. Akashika nyaya mwenyewe, nyekundu kwenye chanya, na kunisomea: 12.7.