Kovu la Chai

Nililiona kovu kabla sijamtazama vizuri usoni. Nilikuwa namfunga mkanda wa kipimo cha presha, nikapandisha mkono wa gauni lake, na pale chini ya kiwiko ngozi ilikuwa imekunjamana, inang'aa kama nailoni iliyoshika moto.

"Hii nini, mdogo wangu?"

"Chai, sista. Ilinimwagikia utotoni."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi naye benchi moja, mkoba mapajani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikauliza yale tunayouliza wote: kisukari, presha, moyo, pumu, kifafa? Niliyataja kwa mkupuo, kama kondakta wa daladala anavyoita vituo. Akasema hana. Nikapiga tiki kwenye kadi yake ya kliniki ya wajawazito.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 2014, hapa Moshi. Kituo sikitaji, maana tiki niliipiga mimi.

Aprili, mvua za masika zimekolea, nikiwa zamu ya usiku, bajaji ikaja hadi mlango wa leba. Mama mkwe alitangulia kushuka, kanga imelowa chepechepe. "Kifafa! Sista, ana kifafa!"

Hapo ndipo Kiswahili chetu hututega. Mkunga akisikia "kifafa" kwa mwenye mimba ya wiki 32, kichwani anamalizia mwenyewe: cha mimba. Kile kinachokuja na presha ya kupanda na protini kwenye mkojo, kile tunachokiogopa kuliko karibu kila kitu wodini. Kumbe kuna kifafa kingine, cha ubongo, ambacho mtu huingia nacho kwenye ujauzito na kutoka nacho. Na kusema kweli hata darasani tulifundishwa hivyo: mjamzito aliyevuka wiki 20 akidegeduka, mtibu kifafa cha mimba hadi ithibitike vinginevyo.

Tukamlaza kwa ubavu wa kushoto. Mama mkwe alikuwa na kijiko mkononi, anataka kumpenyezea kati ya meno, nikamnyang'anya. Mwenzangu akafungua boksi la dharura. Magnesiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, kisha gramu 5 kwa kila tako. Ya takoni inauma mno, hata aliyezimia hukunja uso.

Kisha presha. 112 kwa 70.

Nikapima mkono wa pili, ule wa kovu. Haikubadilika. Kijiti cha mkojo nacho kikabaki na njano yake, protini hakuna. Nikawa nimeushika ule mkono tu, simwachii. Chai ikimwagika hutiririka, huacha michirizi. Hili lilikuwa bapa, pana, limekula nyama, kovu la mtu aliyelala juu ya makaa asijue kwamba anaungua. Nimewaona wa namna hiyo Kibosho na Uru, watu wanaoanguka jikoni, nusu ya uso au vidole vimeachwa kwenye mafiga. Nilikuwa nayajua makovu haya. Siku ile ya kliniki niliyajua pia.

Alfajiri alipozinduka nilimtuma mama mkwe akatafute chai ya moto. Sikuuliza habari za ugonjwa. Nikamwuliza, "Huwa unaanguka?"

Akatazama mlango kwanza. "Tangu darasa la tatu."

Alikuwa akimeza fenobabitoni kila usiku na kuificha kwenye kopo la unga wa ulezi. Mimba ilipofika mwezi wa nne akaacha ghafla, kwa sababu jirani alimwambia dawa za kifafa hulemaza watoto. Jirani hakutunga. Ipo valproeti, ambayo kweli huweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni, na anayeitumia inafaa daktari amtazame upya kabla hajashika mimba, aanze na foliki asidi mapema. Lakini kukata dawa hivihivi ni kuuita mtukutiko, na mtukutiko huweza kumwua mama na mtoto wake. Wa kumweleza hayo nilikuwa mimi, na nilikuwa na foleni.

Daktari akasimamisha magnesiamu, akamrudishia dawa yake. Juni alijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike. Tulimchoma vitamini K palepale, kwani dawa za aina hiyo huweza kumfanya kichanga avuje damu. Akanyonya vizuri.

Ila mimi hukumbuka zaidi siku ya pili tangu aletwe, ule mwezi wa Aprili. Mchana alinishika kiganja.

"Sista, mwambie mama ni cha mimba. Kikiwa cha mimba, nikizaa kitakuwa kimeisha."

Nikamwambia sitamdanganya mama, na siri yake sitaitoa. Hakuridhika. Akajigeuzia ukutani, kanga hadi kichwani.

Jioni mama mkwe akaja na chupa ya mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamimina kwenye bakuli, akafuta mdomo wa chupa kwa pindo la kanga, polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Vile vidonge vyake, anameza kabla ya kula au baada?"

"Vidonge gani, mama?"

Akafunga kifuniko. "Mwanangu, chai haiunguzi namna ile."

Kule ukutani kanga haikusogea, lakini nilijua hajalala.

"Baada ya kula," nikajibu. "Kila usiku, saa ileile."