Kibanda cha Taa katika Stesheni ya Inari

Nilikuwa mwanafunzi mjini Kyoto wakati mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa huko, aliponialika twende kwenye hekalu la Fushimi Inari katika wiki ya kwanza ya Januari, siku ambazo Wajapani humiminika kwenye mahekalu ya Shinto, dini yao ya jadi, kuuombea mwaka mpya. Kutoka stesheni kuu ya Kyoto, Inari ni kituo cha pili tu katika njia ya Nara, ila sharti upande treni inayosimama kila kituo, kwa kuwa ile ya haraka huipita.

Tuliposhuka, jukwaa lilijaa watu, na nguzo zake zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu ileile ya malango ya hekalu. Lango la kwanza lilionekana mara tu ulipotoka nje, ng'ambo ya barabara. Mwenzangu alinihimiza, lakini mimi nilisimama mbele ya kibanda kidogo cha matofali mekundu kilichokuwa kando ya stesheni.

Mfanyakazi wa stesheni alitusogelea, akaeleza, huku mwenzangu akinifasiria, kwamba humo zilitunzwa taa za mafuta kabla umeme haujafika, na kwamba matofali yalichaguliwa kwa kuhofia moto. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1879, wakati reli kuu ya Tokaido ilipopita hapo, kabla ya kuhamishiwa njia nyingine mwaka 1921, na kibanda hicho huhesabiwa miongoni mwa majengo ya kale kabisa ya reli nchini Japani.

Marehemu baba yangu alifanya kazi Reli ya Kati, Tabora. Nilimweleza yule mfanyakazi kwamba baba alikuwa na taa ya ishara yenye vioo vyekundu na vya kijani, ambayo aliifuta kwa gazeti kuukuu kila jioni kabla ya zamu. Akaniuliza utambi ulikatwaje. Nikamwonyesha kwa vidole: sawasawa, pembe zikipunguzwa kidogo ili moto usitoe moshi. Akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akarudi kazini, maana treni nyingine ilikuwa ikiingia.

Tulipanda Mlima Inari kupitia maelfu ya malango. Ukigeuka nyuma, unaona katika nguzo zake majina ya waliochangia pamoja na tarehe. Nilimwambia mwenzangu kwamba waliozijaza taa zile mafuta, usiku hadi usiku, ili mahujaji wafike salama, nao walistahili kuandikwa majina yao pale stesheni, na hadi leo naamini hivyo.